Bei ya Kubaki

Ukipigia huduma kwa wateja ya kampuni kubwa ya simu nchini Marekani, anayepokea kwanza ni mashine. Inakuuliza umepiga kwa shida gani. Ukisema una swali la bili, unawekwa foleni moja. Ukisema unataka kufunga laini, unawekwa foleni nyingine kabisa, ya wahudumu waliofunzwa kwa kazi moja tu, kukuzuia usiondoke. Hao wana ofa ambazo mhudumu wa kawaida hazioni kwenye skrini yake, au anaziona na hana ruhusa ya kuzitoa. Mteja ni yule yule na bili ni ile ile. Kilichobadilika ni neno ulilotamka kwenye mashine.

Ushauri unaotolewa mara nyingi kwa mtu ambaye mkataba wake unakaribia kwisha ni wa ulimi: ongea kwa upole, taja miaka uliyokaa nao, mtaje mshindani, usikubali ofa ya kwanza. Si ushauri mbaya. Tatizo lake ni kwamba unamfanya mteja adhani anayeongea naye anashawishika. Mwenye duka wa Kariakoo anayekuita "njoo basi, tuelewane" ukiwa umeshapiga hatua tatu nje anaamua mwenyewe, kwa kukuangalia unavyotembea. Mhudumu wa simu haamui kitu. Ofa zilishapangwa kabla hujapiga, na zimepangwa kwa kukadiria jambo moja: kuondoka kutakugharimu nini wewe.

Skrini yake inamwonyesha umekaa miaka mingapi, una laini ngapi kwenye akaunti, unalipa kwa wakati au kwa kusukumwa, uko kwenye kifurushi kipya au cha zamani kisichouzwa tena. Inamwonyesha pia deni la simu yenyewe, na hilo lina uzito kuliko mengine yote. Mwenye laini nne za familia asiyedaiwa hata senti ni mtu wa kubembelezwa. Mwenye laini moja na simu mpya aliyoichukua miezi mitano iliyopita anaweza kuwa msemaji hodari kuliko wote. Ataambiwa kwamba kampuni inathamini sana uaminifu wake, na mazungumzo yataishia hapo.

Deni hilo la simu lastahili kuangaliwa kwa karibu, maana ndilo mkataba wa kweli siku hizi. Zamani mkataba wa Marekani ulikuwa wa miaka miwili na adhabu ya kuuvunja ilikuwa wazi. Novemba 2009 Verizon ilipandisha adhabu hiyo kwa wenye simu janja kutoka dola 175 hadi dola 350, na kila mwezi uliotumikia ulipunguza dola 10. Aliyeondoka mwezi wa 20 alilipa dola 150. Watu walipiga kelele, na tume ya mawasiliano ya huko, FCC, ikaiandikia kampuni kutaka maelezo. Kisha mwaka 2013 T-Mobile ikatangaza kwamba inafuta mikataba ya miaka miwili, wengine wakafuata mmoja baada ya mwingine, na ikaonekana kama mteja amefunguliwa minyororo.

Chukua sasa simu ya dola 800 inayotangazwa kuwa ni ya bure. Hupunguziwi bei dukani. Unaandikiwa deni la dola 800 linalogawanywa kwa miezi 36, yaani dola 22.22 kwa mwezi, na kila mwezi kampuni inakurudishia hizo dola 22.22 kwenye bili. Ukikaa hadi mwisho, kweli hukulipa. Ukiondoka mwezi wa 20, marejesho yanakoma siku hiyo na deni la miezi 16 linakudondokea kwa mkupuo: dola 355 na ushei. Mkataba haupo, adhabu haipo, na bado aliyeondoka mwezi wa 20 anatoa zaidi ya mara mbili ya kile kilichopigiwa kelele mwaka 2009. Ulinganisho huu si wa haki kamili, kwa sababu wakati ule mteja alitanguliza fedha dukani kupata simu yenyewe. Lakini mwelekeo unaonekana. Kifungo kilihamishwa kutoka kwenye huduma kwenda kwenye kifaa, muda wake ukaongezwa kutoka miezi 24 hadi 36, na kikapewa jina la zawadi.

Ndiyo maana simu mpya ni ofa mbaya kuliko zote katika mazungumzo haya, na ndiyo inayotolewa kwa furaha kuliko zote. Tazama mambo yanavyokwenda kwa kawaida. Mteja anasema bili imekuwa kubwa na anafikiria kuhama. Mhudumu anapunguza sauti, anauliza kinachomsumbua hasa ni bei au ni mtandao. (Jibu ni bei. Ukianza kulalamika kwamba sebuleni kwako mawimbi hayashiki, mazungumzo yanageuka kuwa ya kiufundi na punguzo linasahaulika.) Kwanza anakupa kifurushi cha chini zaidi, ambacho si ofa hata kidogo, maana kipo kwenye orodha ya kila mtu. Ukikataa, linakuja punguzo la mwezi kwa mwezi lenye tarehe ya mwisho, tuseme dola 10 kwa mwaka mmoja. Ukikaa kimya kidogo, inakuja simu mpya. Hapo wengi hulainika, maana simu inashikika mkononi na dola 10 hazishikiki. Wanakata simu wakiwa wameridhika, wamejifunga miezi 36 mingine, na mwakani wakipiga tena skrini itamwambia mhudumu kwamba huyu hana pa kwenda.

Kwa hiyo kazi hufanyika kabla ya kupiga. Wakati mzuri ni simu yako inapomaliza kulipiwa; tangu mwezi huo hadi siku utakapochukua nyingine, wewe ni mtu huru, na hicho ndicho kipindi ambacho watu wengi hawakitumii. Kinachotakiwa ni kujua kwa hakika unahamia wapi na kwa bei gani, kodi na ada ndogo ndogo zikiwa ndani, kwa sababu bei ya bango na bei ya bili ni vitu viwili tofauti. Tangu Aprili 2024 FCC imeyataka makampuni makubwa yaonyeshe mchanganuo wa kila kifurushi cha intaneti katika jedwali la mtindo mmoja, mfano wa lile la virutubisho kwenye pakiti ya chakula, na humo bei inayofuata ofa inapokwisha inatakiwa iandikwe. Dakika chache za kusoma jedwali hilo zina faida kuliko saa nzima ya kubembeleza.

Halafu kuna namba ya siri ya kuhamia, inayotengenezwa kwa ajili ya kuhamisha laini tu. Mteja wa AT&T huiomba kwa kupiga *PORT, wa Verizon #PORT. Ukiwa nayo mkononi pamoja na namba ya akaunti yako, maneno "nitahama" yana mwili. Tahadhari moja ambayo imewagharimu watu namba walizokaa nazo miaka mingi: usiifunge laini kabla ya kuihamisha. Namba inayohama inatakiwa iwe hai. Kampuni mpya ndiyo inayoivuta, na ya zamani hujifunga yenyewe ikishavutwa. Na usitishie kuondoka kama huna pa kwenda, maana wapo wahudumu watakaokuitikia "sawa" na kuanza kukufungia.

Pa kwenda papo, na mara nyingi ni palepale. Marekani ina mitandao mikubwa mitatu tangu T-Mobile ilipoimeza Sprint Aprili 2020, lakini juu ya minara yao yamejaa makampuni yanayonunua huduma kwa jumla na kuiuza rejareja: Mint Mobile juu ya T-Mobile, Visible juu ya Verizon, Cricket juu ya AT&T. Mint ilijijengea jina kwa dola 15 kwa mwezi, ukilipa miezi kadhaa mbele. Hata hizo tatu nilizozitaja zinamilikiwa na wenye minara wenyewe, jambo linalokuonyesha kwamba kampuni haikatai kuuza bei ya chini. Inakataa kukuuzia wewe ambaye tayari unalipa ya juu. Upungufu upo: mnara ukielemewa, kwenye uwanja wa mpira au jioni katikati ya mji, baadhi ya vifurushi hivi huwekwa nyuma ya wateja wa bei kubwa. Kwa mtu ambaye siku yake nzima ni kati ya Wi-Fi ya kazini na ya nyumbani, hilo si la kulipia dola 40 zaidi kila mwezi.

Mwanauchumi Albert Hirschman aliandika kitabu mwaka 1970 kuhusu njia mbili alizonazo mtu asiyeridhika na kampuni, chama au serikali: kuondoka, au kupaza sauti. Wazo hilo lilimjia kutokana na reli ya Nigeria. Malori yalikuwa yameinyang'anya mizigo, na mtu angetarajia ushindani huo uiamshe, lakini haukuiamsha. Wafanyabiashara waliokuwa na uwezo wa kufoka na kusikilizwa ndio waliokuwa wa kwanza kuhamia barabarani, na reli ikabaki na wasio na sauti na wasio na pa kwenda. Mapato yakipungua, hazina ya serikali ilikuwepo kuziba.

Ile foleni ya pili ya kampuni za simu imejengwa juu ya ufahamu huo huo, ila kwa faida ya mwenye duka. Mwenye kelele na mwenye pa kwenda haachiwi aondoke. Anavutwa kando, anatulizwa kimya kimya kwa punguzo lake peke yake, na bei ya wengine wote haiguswi. Kelele yake inanunuliwa. Nchini Uingereza shirika la Citizens Advice liliipelekea mamlaka ya ushindani malalamiko rasmi Septemba 2018, likidai kwamba wateja wa muda mrefu katika sekta tano, simu za mkononi zikiwemo, wanalipa pauni bilioni 4.1 kwa mwaka zaidi ya wateja wapya. Kwenye simu hali ilikuwa ya aibu kabisa: mtu anamaliza kulipia kifaa, mkataba unakwisha, na kampuni inaendelea kumkata kiasi kile kile kana kwamba kifaa hakijalipwa. Miongoni mwa walioumia katika sekta hizo walikuwamo wazee na watu wenye kipato kidogo, yaani wale ambao hawatapiga simu kubishana na mtu.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaoyasifia mazungumzo haya kama ujanja wa mteja mwerevu. Punguzo lako linawezekana kwa kuwa jirani yako hakuomba. Chukua punguzo, ndiyo, lakini jambo lililobadilisha bei kwa watu wengi kwa mara moja halikuwa ujanja wa mtu mmoja kwenye simu. Lilikuwa sheria za kuondoka.

Marekani iliruhusu mteja kuhama na namba yake kuanzia Novemba 24, 2003. Kabla ya hapo kuhama kulimaanisha kuwapigia watu wote kuwapa namba mpya, na kampuni zilijua hivyo. Kanada ilitangaza kanuni zake za huduma za simu mwaka 2013: baada ya miaka miwili mteja anaondoka bila ada hata kama mkataba unasema mitatu, na mikataba ya miaka mitatu iliyokuwa kawaida huko ikafa. Tangu Desemba 2017 simu zinazouzwa nchini humo lazima ziwe hazijafungwa kwa mtandao mmoja. Waingereza walikwenda mbali zaidi, na kwangu hii ndiyo hatua ya akili kuliko zote. Zamani aliyetaka kuhama alilazimika kupiga simu kuomba msimbo wa kuhamia, kwa hiyo kila anayeondoka alipita mikononi mwa wale wahudumu wa kubembeleza. Kuanzia Julai 1, 2019 anatuma neno PAC kwenda 65075, msimbo unarudi kwa ujumbe mfupi pamoja na kiasi anachodaiwa, na unadumu siku 30. Hajaongea na mtu. Sasa kampuni ndiyo inayompigia. Ana mwezi mzima wa kusikiliza akiwa na ufunguo mfukoni, na akiona ofa haina maana anautumia ule msimbo, basi.

Ahadi za makampuni yenyewe zina uzito mdogo kuliko sheria hizo. Januari 2017 T-Mobile ilitangaza kwa mbwembwe kwamba bei ya kifurushi chake haitabadilika mpaka mteja mwenyewe atake. Mwaka 2024 ikaipandisha kwa wateja wengi wa vifurushi vya zamani. Waliochimbua maandishi madogo ya wakati ule walikuta ahadi yenyewe ilikuwa nini: bei ikipanda na wewe ukaamua kuondoka, watakulipia bili ya mwezi wa mwisho. Hata ahadi ya kutopandisha bei, ukiifungua, ndani yake kuna ada ya kuondoka, safari hii ikilipwa na upande wa pili.

Msomaji wa Mombasa au Mwanza atasema haya ni ya wenzetu. Kwetu karibu kila mtu hutumia laini ya malipo ya kabla; hakuna mkataba wa kuhuisha, na mkataba wako unakwisha kila kifurushi kinapokwisha, pengine saa sita usiku wa leo. Kweli. Lakini kupatana bei hakukosekani, ila tunapatana na mashine. Piga *444# ya Tunukiwa ya Safaricom, au ingia kwenye Ya Kwako Tu ya Vodacom Tanzania, ukiwa umekaa meza moja na rafiki yako. Mwaweza kuona ofa tofauti kwa fedha ile ile. Hizo ni ofa zilizokatwa kwa kipimo cha matumizi yako: mara ngapi unanunua, kiasi gani unavumilia kulipa, laini yako inakaa kimya siku ngapi. Ni ile skrini ya mhudumu wa Marekani, ila mhudumu ameondolewa. Huwezi kumtajia mshindani. Unachoweza ni kuacha kununua, na wenye laini mbili kwenye simu moja wanajua matokeo yake. Laini iliyonyamaza huanza kutumiwa ujumbe wa bonasi na vifurushi vya kuvutia kurudi.

Laini mbili ndizo zilizokuwa jibu letu, zaidi ya sheria. Kenya iliruhusu kuhama na namba Aprili 2011, Tanzania Machi 2017, na katika nchi zote mbili waliohama ni wachache mno ukilinganisha na matarajio. Sababu mojawapo ni hiyo: kwa nini uhame wakati unaweza kuongeza laini ya pili kwa bei ya andazi? Sababu nzito zaidi ni pochi. Namba inahama, fedha za simu hazihami nayo. Ukiitoa namba yako Safaricom kwenda Airtel, M-Pesa ya namba hiyo inabaki ulikotoka. Huduma za kutuma fedha zilishaunganishwa, Tanzania kuanzia mwaka 2014 na Kenya mwaka 2018, hivyo kumtumia mtu wa mtandao mwingine si tatizo tena. Ambacho hakijaunganishwa ni rekodi. Kiwango chako cha Fuliza, ile huduma ya M-Pesa ya kukopa salio lisipotosha, ulichokijenga kwa miaka ya kuweka na kutoa, ni cha laini hiyo. Mama wa genge anayefunga hesabu ya jioni kwa Fuliza hahami kwa sababu ya dakika za bure. Anadaiwa kama yule wa Marekani mwenye simu ya miezi 36, ingawa hakupewa simu.

Mara chache ambapo bei zetu zilitikisika kwa kila mtu, hazikutikiswa na mteja mmoja mmoja. Mwaka 2010 msimamizi wa mawasiliano wa Kenya alishusha ada ambayo mitandao hulipana kuunganishiana simu kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21 kwa dakika, na Agosti mwaka huo Zain, ambayo baadaye ikawa Airtel, ikashusha bei ya kupiga hadi shilingi 3. Wengine walilazimika kufuata. Tanzania ilikuwa kinyume chake: mwanzoni mwa Aprili 2021 vifurushi vipya vilianza kutumika chini ya kanuni mpya za mamlaka ya mawasiliano ya huko, TCRA, watu wakafungua simu na kukuta fedha ile ile inanunua megabaiti chache kuliko jana yake. Zilipigwa kelele nchi nzima, mitaani na mitandaoni, na serikali ikaagiza bei za awali zirudishwe. Hakuna aliyebembelezwa kando kwa ofa yake peke yake. Bei ilikuwa imepanda kwa wote siku moja, kwa hiyo wote walikuwa na jambo moja la kusema.

Ofa za mtu mmoja mmoja zinaiondoa nafasi hiyo taratibu. Kila mtu akiwa na bei yake, bei ikipanda haipandi kwa wote, na aliyepandishiwa hana namba ya kumwonyesha mwenzake akasema "tazama, jana ilikuwa hivi". TCRA na mamlaka ya mawasiliano ya Kenya wanaweza kuomba orodha ya bei za vifurushi vilivyotangazwa. Ofa aliyotengenezewa mtu asubuhi na kufutwa jioni ni vigumu kuiingiza kwenye orodha yoyote, na mpaka sasa mteja akitaka kuilinganisha hana chombo kingine zaidi ya kumwomba aliyekaa naye apige msimbo ule ule.